"Alikubali Mwenyewe": hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliokaa huko nyuma, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Kiongozi wenu wa serikali ya wanafunzi aliponipigia simu aliniomba nije kuzungumzia maadili mtandaoni. Nilimjibu kwamba kwa maadili wapo masheikh na wachungaji wanaoyajua kunizidi mimi. Mimi ni wakili. Ninachoweza ni kuwasimulia kesi moja, tangu ilipoanza hadi ilipofikia hukumu, na kuwaambia kwa nini imeninyima usingizi. Ndani yake yamo mambo tusiyozoea kuyataja mbele ya wakubwa. Walimu wangu mnisamehe. Yale yasiyo ya lazima nitayaacha.

Kesi yenyewe ni ya San Diego, mji wa pwani kusini kabisa mwa California, kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Mshtakiwa mkuu anaitwa Michael James Pratt, raia wa New Zealand. Biashara yake ilikuwa kurekodi video za ngono na kuziuza kwenye intaneti, na tovuti yake kubwa iliitwa GirlsDoPorn. Ilimwingizia fedha nyingi sana. Serikali ya Marekani ilizikadiria kuwa zaidi ya dola milioni 17. Mwezi Septemba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 27.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana watu wengi hupotea mwanzoni kabisa. Kule California kutengeneza video za ngono za watu wazima si kosa la jinai. Jambo hilo lilishapiganiwa mahakamani. Mtengenezaji mmoja, Harold Freeman, alishtakiwa kwa ukuwadi kwa sababu aliwalipa waigizaji wafanye tendo mbele ya kamera, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema huo si ukuwadi. Tangu hapo biashara hiyo imefanyika huko waziwazi, ina kampuni, ina wahasibu, inalipa kodi. Unaweza kuichukia, na mimi siipendi. Lakini lazima ujue kwamba Pratt hakufungwa kwa ajili ya uchi. Mtu ambaye angefanya kazi ileile kwa kusema kweli angekuwa nyumbani kwake leo. Pratt amefungwa kwa ajili ya uongo.

Na ninataka tuuangalie uongo huo kipande kwa kipande, kama fundi anavyofungua saa, kwa sababu haukuwa uongo wa bahati mbaya wala wa mdomo mmoja. Ulijengwa.

Ulianza na tangazo la umodo. Lilibandikwa kwenye Craigslist, tovuti ya matangazo madogo madogo ambako Wamarekani hutafuta vyumba vya kupanga na makochi ya mtumba. Tangazo halikutaja ngono. Lilitaja picha, msichana akiwa amevaa nguo zake. Aliyejibu alijaza fomu kwenye ukurasa uliokuwa na sura ya wakala wa mitindo: jina, umri, namba ya simu, picha. Wengi walikuwa na miaka 18, 19, 20. Wanafunzi wa vyuo, kama ninyi. Wengine wana deni la ada, wengine kodi ya chumba imechelewa.

Halafu simu inaita. Sasa ndipo anaambiwa kazi hasa ni nini, na malipo yake: dola elfu kadhaa, mara nyingi 5,000, kwa siku moja. Ukilipigia hesabu kwa shilingi zetu utaelewa kwa nini mtu hakati simu hapohapo. Lakini binti huyu si mjinga. Anauliza maswali ambayo ningeuliza mimi na ambayo ungeuliza wewe. Nani ataiona? Itawekwa kwenye intaneti? Jina langu litatajwa?

Majibu yalikuwa tayari. Haitawekwa intaneti. Ni DVD, zinauzwa mbali, Australia na New Zealand, kwa wateja binafsi. Hapa Marekani hakuna atakayeiona. Jina lako halitatajwa kamwe. Na kama binti bado anasita, anapewa namba ya msichana mwingine ambaye "ameshawahi kufanya", amuulize mwenyewe bila mtu kusikiliza. Anampigia. Msichana wa upande wa pili anamhakikishia: mimi nilifanya, haikutoka popote, nimelipwa vizuri, usiogope.

Wadogo zangu, msichana yule wa upande wa pili alikuwa analipwa na kampuni aseme hivyo.

Mimi hapa ndipo nilipoweka kalamu chini niliposoma mara ya kwanza. Kwa sababu sote tumefundishwa hivyohivyo na mama zetu: usimwamini mwanamume, muulize mwanamke mwenzako. Binti alifanya kile alichofundishwa. Alifanya uchunguzi wake. Waliokuwa wanamwinda walijua kwamba atauliza, wakaenda kukaa mwisho wa njia ya swali lake.

Anapandishwa ndege hadi San Diego. Anapokewa. Anapelekwa hoteli nzuri. Wanaume anaokutana nao wanajitambulisha kwa majina ya uongo. Ndani ya chumba anapewa mkataba, kurasa zimebanwa maneno, na anaharakishwa: taa ziko tayari, muda unakwenda, saini hapa na hapa. Wengine walikuwa wamepewa pombe au bangi kwanza. Kwenye mkataba huo jina la GirlsDoPorn halimo. Yamo majina ya kampuni nyingine, ambayo binti hata akiyatafuta kwenye simu yake hayatamwonyesha chochote. Na humohumo, katikati ya lugha nzito ya kisheria, kuna maneno yanayoruhusu video itumike popote duniani kwa namna yoyote.

Kwa hiyo mdomoni wanasema "DVD tu, Australia tu", na karatasini wanaandika "popote". Kisha wanashika ile karatasi.

Waliobadili mawazo walipokuwa chumbani waliambiwa watashtakiwa, au watalipa gharama zote, au tiketi ya kurudi itafutwa. Mara nyingine mlango ulikuwa umezibwa na masanduku na vifaa vya kamera. Kazi waliyoambiwa ni ya nusu saa ikaenda masaa. Baadhi yao walieleza mahakamani kwamba walilazimishwa kuendelea wakiwa na maumivu, wakisema basi. Na wengine, mwisho wa yote, walikatwa malipo kwa sababu ya kovu au alama mwilini.

Nataka mlione jambo moja hapa, kwa sababu ndilo lililomshawishi jaji na ndilo lililonishawishi mimi. Tovuti ile ilijitangaza kwamba wasichana wake si waigizaji. Ni wasichana wa kawaida, wanaofanya mara moja tu maishani. Hiyo ndiyo bidhaa iliyokuwa ikiuzwa. Sasa jiulize: msichana wa kawaida, mwenye chuo, mwenye kanisa au familia, mwenye ndoto ya kuwa mwalimu, angekubali kama angeambiwa ukweli kwamba jumatatu ijayo darasa zima litamwona? Asingekubali. Pratt na wenzake walijua. Ukiuondoa uongo, bidhaa yenyewe haipo. Kwa hiyo asije mtu akakwambia uongo ule ulikuwa ujanja wa biashara pembeni. Uongo ndio uliokuwa malighafi.

Wiki chache baadaye video inatoka. Inatoka kwenye tovuti ya kulipia, na vipande vyake vinawekwa bure kwenye Pornhub, tovuti kubwa ya video za ngono, kama chambo, ili anayeonja akanunue iliyobaki. Pornhub huingiwa na mamilioni ya watu kila siku. Binti aliyeahidiwa mteja wa mbali huko Australia anapigiwa simu na rafiki yake wa sekondari.

Halafu kukawa na tovuti nyingine, ambayo kazi yake ilikuwa kufichua. Majina halisi ya wasichana, shule walizosoma, akaunti zao, wakati mwingine na ndugu zao. Wasichana walipoona majina yao huko walidhani ni wahuni tu wa mtandaoni. Mahakama ilikuja kubaini kwamba tovuti ile ilikuwa imenunuliwa na Pratt mwenyewe. Viungo vya video vilitumwa kwa wazazi, kwa waajiri, kwa wanafunzi wenzao. Wapo waliofukuzwa kazi. Wapo walioacha chuo. Wapo waliokataliwa na wazazi wao. Kadhaa walifikia kutaka kujiua, na hilo limo kwenye hukumu, sikulitunga mimi.

Naomba nisimame hapa kidogo niseme jambo langu mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, enzi za Bluetooth, kulikuwa na picha zilizokuwa zikipita simu kwa simu kwenye foleni ya chakula. Zilikuwa za msichana wa bweni la jirani. Aliyezipiga alikuwa rafiki yake wa kiume, na alikuwa amemwambia amezifuta. Simu ilipofika kwangu niliangalia. Sikuiangalia kwa bahati mbaya, niliishika mkononi nikaangalia. Mwenzangu mmoja akasema, "Maskini." Na mimi, niliyekuwa nasomea sheria, niliyekuwa nimefaulu mtihani wa sheria ya mikataba kwa alama za juu, nikasema: "Si alikubali mwenyewe kupigwa?"

Yule msichana hakufanya mitihani ya muhula ule. Jina lake nililijua baada ya kuondoka. Miaka mingi imepita na sijui yuko wapi. Nilipokuwa nasoma kesi ya San Diego nilikuta mawakili wa utetezi wanauliza kila msichana kizimbani, kwa lugha ya kitaalamu, swali langu lilelile la kwenye foleni ya chakula. Hii si saini yako? Hukusoma? Hukupanda ndege kwa miguu yako? Hukupokea fedha?

Ndiyo. Saini yangu. Nilipanda. Nilipokea.

Mwezi Juni 2016 wanne wa kwanza walifungua kesi ya madai katika mahakama ya San Diego. Wengine wakajitokeza mpaka wakawa 22. Kwenye makaratasi kila mmoja anaitwa Jane Doe na namba yake. Jane Doe kule ni jina la mwanamke yeyote anayelindwa asijulikane, kama sisi tunavyosema fulani binti fulani. Utetezi ulifanya kila uwezalo kuivuta kesi, na iliburuzwa miaka mitatu. Usikilizwaji ulianza Agosti 2019, mbele ya Jaji Kevin Enright, bila wazee wa baraza. Ulichukua miezi. Wasichana waliingia mmoja mmoja kusema mbele ya watu wasiowajua yale ambayo walikuwa wamehama miji ili wasiyaseme.

Pratt mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameshatoroka nchi.

Tarehe 2 Januari 2020 Jaji Enright alitoa uamuzi wake, zaidi ya kurasa 180. Aliwapa ushindi wote 22. Fidia yote pamoja, pamoja na fedha za kumwadhibu mdaiwa, ilikuwa dola milioni 12.775. Kuhusu ile saini alisema wazi kwamba mikataba ile haiwezi kuwalinda waliotumia udanganyifu kuipata. Mkataba ulikuwa sehemu ya hila yenyewe.

Na alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko zile fedha, ambazo kuzipata kutoka kwa mtu mtoro ni kazi nyingine. Aliwapa wale wanawake umiliki wa video zao. Fikirini maana yake. Hadi siku hiyo, msichana aliyeiandikia tovuti akilia kwamba "huyu ni mimi, naomba muitoe", alijibiwa kwamba hana haki nayo, yenye haki ni kampuni. Baada ya hukumu anaandika akiwa mwenye mali. Sheria ya hakimiliki, ambayo kwa kawaida huwatumikia wenye studio kubwa, ikageuka ikawa fimbo mkononi mwa binti. Baadaye, katika kesi ya jinai, haki hiyo ilipanuliwa kwa mamia ya wanawake wengine ambao hawakuwa kwenye madai ya kwanza. Haikuzifuta video zote. Maji yalishamwagika, na kila siku kuna mtu mahali fulani ana nakala. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuomba na kudai.

Nyie mnaosoma sheria mtataka kujua jinai ilikwendaje. Oktoba 2019, wakati madai bado yanasikilizwa, waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwafungulia Pratt na wenzake mashtaka ya usafirishaji haramu wa binadamu. Ruben Andre Garcia, ambaye alikuwa akiwashawishi wasichana na ndiye aliyeonekana nao kwenye video, alikiri akafungwa miaka 20 mwaka 2021. Mpiga kamera alipata minne. Matthew Wolfe, mwenzake Pratt kutoka New Zealand aliyeendesha shughuli za kila siku, alipata 14. Mwanamke aliyetunza hesabu ofisini, na aliyekuwa akienda kuwapokea wasichana, naye alikiri.

Pratt alikuwa bado nje. Septemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, walimweka kwenye orodha yao ya watu kumi wanaotafutwa zaidi, wakaahidi zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayesaidia akamatwe. Desemba mwaka huohuo alikamatwa Madrid, Hispania. Alirudishwa Marekani Machi 2024, akakiri kosa Juni 2025, na siku ya hukumu makumi ya wanawake walifika au walituma maneno yao kwa jaji. Jaji Janis Sammartino akampa miaka 27.

Sasa mtaniuliza, usafirishaji? Nani alisafirishwa? Si walipanda ndege wenyewe kwa tiketi halali?

Neno letu hili la Kiswahili linatupoteza kidogo. Tukisikia usafirishaji haramu tunaona lori lililofunikwa turubai, jahazi usiku, watoto wamefichwa. Wenzetu wa Kenya husema ulanguzi wa binadamu, na naona neno lao linakaribia zaidi, maana mlanguzi ni mtu anayefaidika na kitu kwa njia ya kificho. Kisheria safari si lazima. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inasema ukimwingiza mtu mzima katika ngono ya malipo kwa nguvu, kwa udanganyifu, au kwa kumshurutisha, umetenda kosa hilo, hata kama hajavuka barabara. Zingatieni hilo neno la katikati. Udanganyifu peke yake unatosha. Huhitaji kamba wala bunduki.

Na hili si la Wamarekani peke yao. Mwaka huohuo wa 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Tanzania na Kenya zimeiridhia. Itifaki ile inasema kwa maneno yasiyo na kona kwamba pale udanganyifu ulipotumika, ridhaa ya mwathirika haihesabiwi. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kenya wana yao ya mwaka 2010, na adhabu yake si ndogo, ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30 za huko, au vyote viwili. Na hata ukiacha jinai, Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 14, ile niliyofaulu mtihani wake, inasema ridhaa huwa huru pale tu isipotokana na shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo ya uongo au makosa. Nilikuwa nimeikariri. Nikaisahau kwenye foleni ya chakula.

Lipo jambo la hapa kwetu ambalo linanisumbua na siwezi kulifunika. Kule San Diego msichana aliweza kwenda mahakamani kwa sababu alichofanya yeye hakikuwa kosa. Hapa, binti ambaye video yake imesambaa anaogopa kwenda polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia, na yeye anajiona yumo ndani ya ponografia hiyo. Sheria ile inaangalia kama picha ni chafu. Haianzi kwa kumuuliza aliye kwenye picha kama alitaka ionekane. Wenzetu wa Kenya mwaka 2018 waliweka kifungu kinachomlenga anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine. Naamini na sisi tunapaswa kuwa nacho, kilichoandikwa kwa namna ambayo binti anaweza kuingia kituoni akiwa mlalamikaji na akatoka akiwa mlalamikaji. Nimelisema hili kwenye vikao vya mawakili na nitaendelea kulisema.

Turudi kidogo kwa wale waliokuwa wanapokea video. Kampuni iliyomiliki Pornhub, iliyoitwa MindGeek na sasa inaitwa Aylo, makao yake makuu ni Montreal, Canada. Wanawake walikuwa wameiandikia kuomba video zitolewe, wakieleza kwamba walidanganywa, huku kampuni ikiendelea kupokea fedha kutoka kwa GirlsDoPorn. Kundi la wanawake liliishtaki mwaka 2020, na mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama. Desemba 2023 kampuni ikaingia makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Brooklyn: ikakiri kwamba ilipokea fedha zilizotokana na biashara ile, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.8 kwa serikali, kuwalipa wanawake fidia, na kuwekewa msimamizi kwa miaka mitatu. Naona ni kidogo mno. Kampuni ile ilikuwa na barua za wale wasichana mezani.

Ninawaeleza habari za kampuni kwa sababu iko karibu nasi kuliko Pratt. Sidhani kama humu ndani kuna Pratt. Lakini kuna wapokeaji. Najua mnavyoita siku hizi, mnaita koneksheni. Mtu anaandika kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku, "mwenye koneksheni ya yule dada atume," na ndani ya dakika kumi imeshafika. Kila anayepokea anajiambia kwamba si yeye aliyerekodi, si yeye aliyeanza kutuma, na isitoshe, alikubali mwenyewe.

Alikubali nini? Hilo ndilo swali ambalo Jaji Enright alilikalia miezi, na ninawaomba mlikalie walau dakika moja kabla kidole hakijagusa. Alikubali kupigwa na mtu aliyempenda, kwa ahadi kwamba itafutwa? Alikubali DVD moja nchi ya mbali? Hakukubali foleni ya chakula. Hakukubali grupu lenu la mamia ya watu. Hakukubali mimi nimwangalie.

Mabinti, na ninyi wavulana pia, maana nanyi mnarekodiwa na mnatishiwa: mkifika mtaani mkitafuta kazi mtakutana na matangazo ya umodo, ya uhudumu wa hoteli, ya kazi za Uarabuni, ya matangazo ya vipodozi. Mengi ni ya kweli. Mkipewa karatasi, omba ulale nayo usiku mmoja. Anayekataa usiipeleke nyumbani ukaisome ameshakujibu swali lako. Angalia kama jina lililo kwenye karatasi ndilo lililo kwenye tangazo na ndilo alilojitambulisha aliyekupigia. Mtu wa kuulizia kampuni mtafute mwenyewe, usimpokee kutoka kwao. Ahadi yoyote aliyokupa mdomoni mwambie aiandike hapohapo kwa mkono wake.

Na kama imeshatokea, hujachelewa kama unavyodhani. Usifute mazungumzo, hata kama yanakuumiza kuyaona. Piga picha za skrini, zenye tarehe na namba. Andika nani alikwambia nini na lini. Wale 22 walishinda kwa mambo hayohayo, ujumbe wa simu, barua pepe, matangazo yaliyohifadhiwa, kimoja kimoja kidogo, vikawekwa pamoja vikaonyesha kwamba uongo ulikuwa uleule kwa kila mmoja. Kila mmoja wao alikuwa ameishi miaka akidhani ni yeye peke yake.

Mwalimu mlezi amenipa chumba kidogo kule mwisho wa ukumbi, upande wa kushoto, karibu na maktaba. Nitakaa pale hadi saa mbili usiku, na kesho asubuhi kuanzia saa mbili. Yuko nami dada mmoja mshauri nasaha, na kuna chai. Ukija sitakuuliza jina, na sitakuuliza kwa nini ulikubali. Mlango nitauacha nusu wazi, ukitaka kuondoka katikati ya maneno unaondoka.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.